Msiachie Mpaka Msikie: Mzee Onesphory Akonaay Anaiweka Kamera Chini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Onesphory Akonaay atakabidhi funguo za kabati la kamera na kustaafu, baada ya kulitumikia Shirika la Malisho na Mavuno kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa Julai 1993 akiwa mpiga picha. Baadaye alipandishwa kuwa mpiga picha mwandamizi, kisha mpiga picha mkuu, na kila mara alishukuru kwa heshima, akaendelea kujitambulisha kwa wakulima kuwa ni mpiga picha. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba hayo mengine ni mambo ya ofisi ya utumishi.

Wasifu huu umeandikwa na mwenzake wa Kitengo cha Habari na Picha, ambaye ndiye aliyebishana naye miaka miwili mfululizo kuhusu kamera. Menejimenti iliona kwamba mtu aliyebishana na mstaafu kwa muda mrefu kiasi hicho lazima anamfahamu vizuri. Mwandishi alijaribu kukataa, akaambiwa jarida linakwenda kuchapwa Ijumaa.

Mzee Onesphory alizaliwa mwaka 1965 kata ya Masieda, wilayani Mbulu, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache na mbuzi wasiosikia. Kupiga picha alijifunza kwa fundi mmoja aliyekuwa na studio mjini Mbulu, na kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kushikilia pazia lenye mchoro wa ndege ya abiria ili lisipeperushwe na upepo. Watu wengi wa Mbulu wana picha za ujana wakiwa wamesimama mbele ya ndege hiyo. Ukiangalia vizuri kwenye ukingo wa pazia utaona vidole vya mtu. Ni vidole vya mstaafu wetu, na tunaomba msomaji avikumbuke, maana tutavirudia.

Katika Shirika letu, picha yake inayojulikana kuliko zote ni ya kwato ya ng'ombe mgonjwa. Imechapwa kwenye mabango ya elimu ya mifugo, imebandikwa katika ofisi za kata, kwenye majosho, na katika baa moja ya Balangdalalu ambako mwenye baa mwenyewe hajui nani aliileta. Wafugaji wameiangalia kwato ile, wakaenda kuangalia za ng'ombe wao, na wengi wakawahi dawa. Mzee mwenyewe alisema kwato haikuwa na shida yoyote kuipiga kwa sababu haikuuliza picha itatoka lini.

Wanaofanya kazi naye wanajua kwamba Mzee Onesphory hafungui begi la kamera kabla ya kusalimia. Atamwamkia kila aliyemzidi umri, mmoja mmoja, kwa mkono, shikamoo na habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, na yeyote aliye mdogo kwake naye atapewa muda wake wa kumwamkia. Kuna mwaka mgeni rasmi alisimama kwenye utepe wa kisima, mkasi mkononi, huku Mzee akimalizia safu ya pili ya wazee. Alipofika mwisho jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Mlima Hanang. Utepe ulikatwa gizani kwa mwanga wa taa za gari, na picha ile ni nzuri sana.

Baada ya salamu hufuata maelekezo, na hapa ndipo penye urithi wake halisi. Enzi za filamu hakukuwa na kurudia. Kikundi kizima kilipata picha moja, na aliyefumba macho alibaki amefumba katika kumbukumbu za Shirika. Kwa hiyo Mzee aliwapanga watu, akarudi nyuma, akainua kamera na kusema, "Baneni pumzi. Msiachie mpaka msikie." Walichotakiwa kusikia ni ule mlio wa kamera, kla, na baada ya kla kila mtu alikuwa huru kupumua, kucheka au kwenda kunywa chai.

Amesema maneno hayo kwa miaka thelathini na miwili katika wilaya mbili. Waliobana pumzi mbele yake wakiwa shule ya msingi leo wana watoto wao, na watoto wanabana. Wageni wetu kutoka kwa wafadhili wamewahi kuuliza, kwa uangalifu mkubwa, kwa nini wakulima kwenye ripoti zetu wana huzuni. Hawana huzuni. Wanasubiri kla.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, na kwa wenzetu wa mbegu na chanjo ambao walikuwa wakisikia tu milango ikifungwa kwa nguvu, tutaeleza. Kamera aliyokuwa akitumia Mzee Onesphory ni ya aina inayoitwa DSLR. Ndani yake kuna kioo kidogo kinachoelekeza mwanga kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho la mpiga picha. Anachokiona ni kitu chenyewe, kama vile anachungulia dirishani. Akibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha picha, kisha kinarudi, na kuruka huko ndiko kunakotoa kla. Kamera mpya, ambazo mafundi wa picha huziita mirolesi, hazina kioo hicho. Mpiga picha anachungulia kiskrini kidogo kinachomwonyesha picha kabla hajaipiga. Ni nyepesi, zinatafuta jicho la mtu zenyewe na kuling'ang'ania, na zinaweza kupiga bila kutoa sauti yoyote.

Kamera za kitengo zilikuwa zimechakaa, na Shirika lingeweza kununua aina moja tu. Mwandishi wa wasifu huu alitaka mirolesi. Mzee alitaka DSLR. Hoja zake hazikuwa za mtu anayeogopa vitu vipya, na ni haki kuziandika. Alisema betri ya mirolesi inaisha upesi kwa sababu kiskrini kinawaka muda wote, na Masieda umeme si wa kutegemea. Alisema ukibadilisha lenzi kwenye vumbi la Balangdalalu, kile kioo kinasaidia kukinga, lakini mirolesi inabaki wazi kama sufuria isiyo na kifuniko. Alisema pia kwamba kuchungulia kiskrini si kuona. "Hiyo ni televisheni, Hilaria," alikuwa akimwambia mwandishi. "Mimi naangalia watu, wewe unaangalia taarifa ya habari ya watu."

Mwandishi alijibu kwamba betri za akiba zipo na vumbi linafutika. Alijibu pia kwamba begi la Mzee lilikuwa zito kiasi cha dereva wetu, Festo, kulifunga mkanda. Majibu haya yalitolewa kwa adabu, baada ya shikamoo, kila asubuhi.

Lakini nyuma ya utani huo kulikuwa na jambo lililotuumiza wote, na hatukulisema kwa sauti. Tangu mwaka juzi picha za Mzee zilianza kutoka na ukungu. Si zote, ila za kutosha. Uso wa mkulima ulikuwa laini mno, na jani la mahindi lilikosa mishipa. Mzee hajawahi kuiruhusu kamera imtafutie fokasi, yaani ukali wa picha; huizungusha lenzi kwa mkono wake na kuamini jicho lake. Kwa hiyo kosa lilikuwa la lenzi, au la kamera, au lake. Meneja wetu, Mama Imakulata, alimwita na kumweleza kwa upole kwamba kulikuwa na nafasi ya kupanga picha za zamani ofisini, kazi ya kukaa, yenye dirisha zuri, mpaka siku ya kustaafu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba jambo moja. "Mniache nimalizie nje, nikiwa na kamera mkononi."

Mama Imakulata akaamua kwamba kamera zote mbili zijaribiwe kwenye safari za msimu ule, ya zamani mikononi mwa Mzee na mirolesi ya kuazima mikononi mwa mwandishi. Kamera itakayoshinda ndiyo itakayonunuliwa. Hakusema lile lingine, ila kila mtu alilielewa: kama picha za Mzee zingeendelea kutoka vile, angekwenda dirishani.

Safari ya kwanza ilikuwa Balangdalalu, kwenye uzinduzi wa josho. Mzee Gidabuday, mfugaji mwenye heshima zake katika uwanda ule, alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba fahali wake asimame naye. Mwandishi alielekeza mirolesi na kuiacha itafute jicho, kama ilivyosifiwa kufanya. Ikatafuta, ikapata, ikaling'ang'ania. Lilikuwa jicho la fahali. Kila alipojaribu kuirudisha kwa mwenye ng'ombe, kamera ilimpuuza na kurudi kwa fahali, na picha ilitoka na fahali anayehesabika kope huku Mzee Gidabuday akiwa kivuli chenye fimbo.

Mwandishi alijiandaa kuomba radhi. Mzee Gidabuday aliomba aione picha, akaitazama kwa muda, akamwita kaka yake naye aitazame. "Hii kamera inajua kazi," akasema. Aliomba ichapwe kubwa. Picha ya Mzee Onesphory ya siku ileile haikuonyesha vizuri fahali wala mwenye fahali. Festo akasema ni lenzi. Sote tukakubali kwamba ni lenzi, isipokuwa Mzee.

Safari ya pili ilikuwa Masieda, nyumbani kwake, ambako kwaya ya parokia ilikuwa inatimiza miaka mingi ya uhai wake na wanachama wetu ni wengi ndani yake. Mwandishi aliona hapo ndipo mahali pa kuonyesha sifa kubwa ya mirolesi, akazima sauti yote. Wanakwaya walijipanga ngazini wakiwa na majoho yao ya bluu, wakainua videvu, wakabana pumzi. Mwandishi alipiga picha moja, akapiga nyingine, akapiga za ziada, akashusha kamera na kusema tayari. Hakuna aliyesogea.

Akasema tena tayari, asanteni sana. Waliendelea kumtazama, mashavu yakianza kujaa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikaa chini pole pole bila kuharibu mstari. Mwishowe mwenyekiti wa kwaya alizungumza kwa pembe ya mdomo, akitumia hewa kidogo iwezekanavyo. "Dada, bado hatujasikia."

Mwandishi alieleza kwamba kamera hii haina mlio. Maelezo hayo hayakumsaidia mtu yeyote. Ndipo Mzee Onesphory, aliyekuwa amesimama kando akifuta miwani yake bila haraka, alipoinua kamera yake ya zamani, kifuniko cha lenzi kikiwa bado mahali pake, akabonyeza. Kla. Kwaya nzima ikashusha pumzi kwa pamoja, na wale wa besi wakasikika hadi barabarani. Mzee alirudisha kamera begini na kuomba chai.

Ilijaribiwa pia njia ya kati. Mirolesi ina mlio wa bandia unaoweza kuwashwa, nao uliwashwa palepale. Wanakwaya waliusikiliza kwa makini na kusema unafanana na simu ya mtu. Kwa hiyo Masieda ilikuwa ya Mzee, na njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha ya mtu asiyetaka ionekane kwamba ana furaha.

Safari ya tatu ilikuwa Gitting, upande wa mlima, kwenye mashamba ya viazi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matuta, na wanakikundi walikuwa wakichimba huku wamejifunga mashuka. Mzee alipiga picha kadhaa, akatazama nyuma ya kamera yake, akatazama tena. Kisha akamgeukia mwandishi na kunyoosha mkono. "Nipe hiyo televisheni yako kidogo. Niuone ubaya wake kwa karibu."

Aliiweka kwenye jicho la kulia, kama alivyoweka kamera zote maisha yake yote. Mwandishi alimwonyesha kitufe cha kukuza, na ile alama nyekundu inayochora ukingo wa kila kitu kilicho kwenye fokasi, ili anayezungusha lenzi kwa mkono ajue amefika. Mzee alizungusha taratibu. Alizungusha mbele, akarudisha, akazungusha tena, hadi Festo akauliza kama imezimika.

Mbele yake alikuwa Mama Lucia, mwenyekiti wa kikundi cha Gitting, ambaye Mzee amempiga picha tangu akiwa bibi harusi. "Kumbe," Mzee akasema, kamera ikiwa bado usoni, "huyu mama ana kovu kwenye kidevu." Mama Lucia akajibu kwamba kovu analo miaka miwili sasa, ng'ombe alimsukuma zizini, na Mzee amekuja hapo mara nyingi tangu wakati huo.

Hakuna aliyetaja lenzi tena siku ile. Ndani ya gari, Mzee alikaa mbele na Festo, akaangalia barabara, akaanza kusema mwenyewe bila kuulizwa. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kupoteza nuru, lina mtoto wa jicho, na alikuwa amelificha kwa sababu mpiga picha asiyeona ni mtu wa kupelekwa dirishani. "Mwanzo nilidhani ni ukungu wa Gitting," alisema. "Halafu nikauona na Balangdalalu." Msomaji asiyefika Balangdalalu ajue kwamba kule kuna vumbi, jua na upepo, na ukungu haujawahi kupita hata kusalimia.

Hapa naomba niache kujiita mwandishi wa wasifu huu, maana yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu na siwezi kuyaandika nikiwa mtu mwingine. Mimi Hilaria nilikuwa nimeshinda. Kamera yangu ilikuwa imemwonyesha mtu kovu ambalo ya kwake ilimficha. Nilikaa kiti cha nyuma na ushindi wangu na sikujua niuweke wapi. Niliona aibu kwa asubuhi zote nilizotania lile begi. Nilikuwa na huzuni, na niliogopa kwamba nitakuwa mimi niliyempeleka dirishani.

Kesho yake Mzee hakunisubiri. Aliingia kwa Mama Imakulata, akamwamkia kama afanyavyo kwa kila bosi ingawa ni yeye aliyemzidi umri, na Mama akakataa salamu hiyo kama anavyoikataa kila siku. Kisha akamweleza habari zote za jicho. Akamwambia kwamba Shirika linunue mirolesi. Akataja sababu zote za kutoinunua, moja baada ya nyingine, betri, vumbi, ukimya wake usio na adabu, halafu akarudia kwamba inunuliwe. Mwisho akauliza kama mtu mwenye jicho lake anaweza kuruhusiwa kumalizia nje akiwa ameishika.

Mama Imakulata alimruhusu kwa sharti la kwenda kliniki ya macho. Akaenda, akapangiwa upasuaji baada ya kustaafu, akarudi kazini siku ileile akiwa na barua ya daktari mfukoni na malalamiko mapya kuhusu menyu ya kamera. Shirika lilinunua mirolesi, pamoja na kiunganishi kinachowezesha lenzi zake za zamani kukaa juu ya kamera mpya. Mzee alisema ni ndoa ya kulazimishwa, akaibeba shingoni kila siku.

Hajaacha kuisema vibaya. Betri ikiisha hutangaza kwamba televisheni imelala. Lakini picha zake za miezi hii ya mwisho ni bora kuliko zote nilizowahi kuona katika kitengo chetu, na naandika hivi nikiwa nimepima maneno yangu. Alirudi Balangdalalu kwa hiari yake, akampanga tena Mzee Gidabuday na fahali wake, akasogea nyuma, akalibana tundu la mwanga la lenzi, akazungusha mpaka ule wekundu ukamshika mzee na ukamshika ng'ombe. Wote wawili wanaonekana hadi vumbi lililoko kwenye kope. Mzee Gidabuday aliitazama na kusema ni nzuri, ingawa ile ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi kwa fahali.

Kuhusu kla, Mzee alipata suluhisho lake. Amekuwa akienda safarini na kamera zote mbili. Mirolesi inapiga picha, na ya zamani, isiyo na kadi, yenye betri ya kurushia kile kioo tu, inabaki begini hadi mwisho, halafu inatolewa kuwaachilia watu. Festo bado analifunga begi mkanda.

Tulipoanza kuandaa toleo hili tuligundua jambo ambalo tulipaswa kuligundua zamani. Tulihitaji picha ya mstaafu kwa ukurasa wa mbele, na haikuwepo. Katika kumbukumbu za miaka thelathini na miwili kuna kwato, viazi, visima, mawaziri, kwaya na mafahali, na hakuna Mzee Onesphory. Picha yake pekee tuliyoipata ni ile niliyomwomba msomaji aikumbuke, ya vidole vinavyoshika ndege ya abiria isiruke na upepo. Mama Imakulata alisema vidole havitoshi.

Basi wiki iliyopita tulimsimamisha uani hapa Katesh, mlima ukiwa nyuma yake na watumishi wote mbele yake. Mke wake, Mama Natalia, alikuwa amemletea koti na kulifunga vifungo mwenyewe. Nilishika mirolesi. Nilikwisha kuona kwamba hajui aweke wapi mikono, maana imezoea kushika kitu. Nikasema karibu Mzee, tuko tayari, naye akavuta pumzi, akainua kidevu, akabana.

Nilipiga. Nilipiga tena, na tena, na katika zote alikuwa mkulima wa ripoti zetu, mwenye huzuni isiyokuwepo. Nikashusha kamera nikasema tayari. Hakuachia. Nikamwambia, "Mzee, zimeshatoka, unajua mwenyewe haina mlio." Anajua. Hakuna mtu katika Manyara anayejua zaidi yake. Akanijibu bila kufungua midomo, "Sijasikia."

Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu ilionekana kwamba hatanii. Alikuwa anajaribu kuachia na hawezi. Alikuwa amewafundisha watu wa wilaya mbili, na kumbe mwanafunzi wa kwanza alikuwa yeye, nyuma ya kamera, akibana pumzi nao kila mara. Macho yake yote mawili, lile zima na lile lenye ukungu, yalikuwa yananiangalia mimi nimsaidie.

Festo ndiye aliyeelewa kabla yangu. Alikwenda kwenye gari, akafungua mkanda, akaitoa kamera ya zamani begini. Akasimama pembeni yangu, akaielekeza mlimani kwa kuwa hajui kuishika, akabonyeza.

Kla.

Mzee alishusha pumzi. Mabega yalishuka, kidevu kikashuka, akacheka, na machozi yakatoka hapohapo katika kicheko, akayafuta kwa mkono wa koti ambalo Mama Natalia alikuwa amelipiga pasi. Mimi nilikuwa bado nimeshika kamera isiyo na kioo, na ilikuwa kimya kama kawaida yake, kwa hiyo hakujua kwamba hapo ndipo nilipoanza kupiga. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukurasa wa mbele. Ni ya kwanza katika kumbukumbu za Shirika hili inayomwonyesha mtu ambaye ameshaachia.

Kwa niaba ya menejimenti na watumishi wote, tunakushukuru, Mzee Onesphory, kwa kazi yako, kwa salamu zako zilizotuchelewesha kila mahali, na kwa asubuhi zote ulizokubali kubishana na mimi kabla ya chai. Shirika limeamua kwamba ile kamera ya zamani uende nayo Masieda. Kitengo kitajifunza kuishi bila mlio, na kwaya ya parokia itakuwa nao jirani. Tunakuombea upasuaji mwema, jicho angavu, mvua za wakati, na mbuzi wanaosikia. Mama Natalia, tunakurudishia mtu wako, na samahani kwa kuchelewa.

Umetusimamisha wote vizuri, Mzee. Sasa ni zamu yako, na kla umeshaisikia. Achia pumzi, upumzike.

Hilaria Gwandu
Kitengo cha Habari na Picha, Katesh